Dereva Aliyekataa Kupunguziwa Kodi

Mwezi wa tano mwaka 2000 fomu tisini na sita zilifika mezani kwa Bonifasia, na moja kati ya hizo ilimnyima raha.

Bonifasia alikuwa karani wa mishahara katika shirika lililopeleka maji na dawa kwenye kambi ya Lukole, wilayani Ngara. Ofisi yao ilikuwa ya mabati, imejengwa kwa haraka enzi wakimbizi walipomiminika, na haraka hiyo ilikuwa bado inaonekana: mlango haukufunga sawasawa, na mvua ikinyesha watu walizungumza kwa kupiga kelele. Miaka miwili nyuma shirika liliwakatia wafanyakazi bima ya afya kwa kampuni moja ya Mwanza. Mchango ulikatwa kwenye mshahara kila mwezi, na kwa utaratibu wa pale shirikani mchango huo ulitolewa kwanza, ndipo kodi ya mapato ikahesabiwa kwenye kile kilichobaki. Mwenye familia alikatwa elfu tisa za bima, na hizo elfu tisa hazikutozwa kodi. Kwa mshahara wa dereva, nafuu hiyo ilifika shilingi elfu moja na mia nane kwa mwezi. Zilikuwa kilo mbili za nyama.

Ili kupata nafuu hiyo, mfanyakazi alijaza fomu mara moja kwa mwaka. Aliandika jina la mke au mume, majina ya watoto, akatia sahihi chini ya maneno yaliyosema kwamba akidanganya atashitakiwa. Wafanyakazi tisini na watano walikuwa wamejaza, hata wale ambao mwandiko wao ulihitaji kusomwa kwa kugeuzageuza karatasi. Wa tisini na sita alikuwa Frednand, dereva wa boza la maji. Yeye katikati ya ukurasa aliandika neno moja tu: *Sidai.*

Bonifasia aliipeleka fomu hiyo kwa mhasibu mkuu, Bwana Shibuda, Msukuma mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja.

"Huyu amechoka na pesa?" Shibuda aliuliza.

"Ndicho ninachojiuliza, mzee."

Shibuda alifungua daftari la makato, akapitisha kidole. "Anakatwa elfu tisa. Bima ya familia. Mtu na wategemezi watano. Ana mke huyu?"

"Sijawahi kusikia. Amepanga chumba kimoja karibu na soko. Anapika mwenyewe."

"Basi ameoa kimya kimya. Mwandikie mke na watoto wanne, umrudishie atie sahihi. Sitaki fomu moja inichafulie hesabu za mwaka."

Mtu mwingine angeandika, mambo yakaisha. Lakini Bonifasia hakuumbwa hivyo. Baba yake alikuwa mpima kahawa wa chama cha msingi kule Kanazi, na Bonifasia akiwa na miaka tisa aliuliza mbele ya wakulima wote kwa nini mshale wa mzani haurudi kwenye sifuri. Waliuinua, wakakuta kokoto limebanwa chini ya sahani. Baba yake hakusema naye siku mbili. Adhabu ile haikumponya.

Alimfuata Frednand kwenye kituo cha kujazia maji. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minne hivi, mzaliwa wa Bukiriro, mrefu, mpole, ambaye husalimia kwanza hata walio wadogo kwake. Alikuwa amesimama juu ya boza, ameshika mpira wa maji.

"Kaka Frednand, umesahau kujaza fomu."

"Nimejaza, dada."

"Umeandika hudai."

"Kwani ni lazima mtu adai?"

"Si lazima. Lakini kwa mwaka mmoja unaacha shilingi elfu ishirini na moja na mia sita. Sijawahi kuona mtu anakataa kupunguziwa kodi. Hata paroko angekubali."

Frednand alicheka kidogo, kisha akayatazama maji. "Serikali nayo ina njaa. Acha ile."

"Bwana Shibuda anataka nikuandikie mke na watoto wanne."

Kicheko kilimtoka usoni. Alifunga koki, akashuka ngazi ya boza taratibu, akasimama mbele yake huku mikono yake ikidondosha maji. "Usiandike hivyo. Nakuomba, Bonifasia. Nikatwe kodi yote, nikatwe na nyingine juu yake, lakini neno mke usiliandike."

Aliingia garini akaondoka. Boza lilikuwa halijajaa.

Siku ile Bonifasia alishindwa kula mchana. Alivuta faili la Frednand kutoka kwenye kabati la chuma, akakuta hata fomu ya kodi ya mwaka uliopita imeandikwa *Sidai*, kisha akatafuta fomu ya kujiunga na bima. Fomu hiyo ilikuwa tofauti na ile ya kodi. Kampuni ya bima haikuuliza habari za ndoa wala uzazi, iliuliza wategemezi tu, na kijitabu cha masharti kilieleza kuwa mtegemezi ni mtu yeyote ambaye mfanyakazi amechagua kumlipia, mradi wasizidi watano. Frednand aliijaza tarehe tatu Septemba 1998. Majina yalikuwa Dafroza, Niyonzima, Keza, Agripina na Philbert. Makazi: Kibimba.

Bonifasia hakumjua Dafroza yeyote. Lakini Kibimba alikuwa na shangazi, na hakuwa amemtembelea tangu Pasaka.

Jumapili baada ya misa alipata lifti. Shangazi alimpa ndizi za maharage, akamsikiliza, akasema, "Dafroza? Si mjane wa Anastazi. Yule dereva wenu aliyekufa na gari kule njia ya Biharamulo."

Bonifasia alikuwa ameajiriwa mwaka 1999, lakini habari za Anastazi alizisikia. Boza lake lilikuwa likirudi kutoka matengenezo, katika msafara uliosindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi wa msituni. Kwenye mteremko kabla ya Nyakahura barabara ilikuwa tope tupu. Gari liliteleza, likabiringika. Hiyo ilikuwa tarehe ishirini Agosti 1998.

Alimkuta Dafroza uani akipiga maharage makavu kwa fimbo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye mabega ya mtu aliyezoea jembe. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka sabini na mbili wakapewa shamba palepale Kibimba. Yeye alikulia hapo, akaolewa na Mhangaza wa hapo, na kifungua mimba wake akampa jina la babu yake, Niyonzima.

"Amahoro, mama Niyonzima."

"Amahoro, karibu. Wewe ni mtoto wa nani?"

Bonifasia alijieleza. Aliposema anatoka ofisi ya shirika, Dafroza aliweka fimbo chini, akaenda kuleta kigoda na kukifuta kwa kanga yake.

"Hamjatusahau. Mungu awabariki. Bila zile kadi zenu huyu asingekuwepo." Alimwonyesha msichana wa miaka kumi hivi aliyekaa kwenye kibaraza akichambua maharage, macho yake yana unjano. "Keza ana ugonjwa wa selimundu. Mwaka jana amelazwa mara tatu. Mara mbili wamemwongeza damu. Naenda pale dirishani, naonyesha kadi, wanaandika namba, basi. Nasema moyoni, Anastazi, hata ukiwa umelala unatutunza."

Hapo Bonifasia angenyamaza. Baadaye alijiambia mara nyingi kwamba hapo ndipo angenyamaza. Lakini swali lilikuwa limemjaa mdomoni.

"Kadi hizo ulizipataje, mama?"

"Alizileta shemeji, Frednand, rafiki wa marehemu. Alisema zimetoka ofisini."

"Hakukuambia kwamba majina yenu yako kwenye faili lake? Kwamba mchango unakatwa kwenye mshahara wake?"

Keza aliacha kuchambua maharage. Dafroza alimwambia kwa Kirundi aende kwa jirani akaombe chumvi, na alipokwisha kuondoka alikaa chini, kwenye maganda ya maharage.

"Shemeji ananilipia mimi?"

"Tangu mwezi wa tisa mwaka tisini na nane."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Na mimi nimekuwa nikinyanyua ile kadi pale dirishani kama mwenye haki yake." Aliyasema polepole. "Watu wa hapa wanasemaje? Ofisini kwenu wanasemaje? Huko kwenye karatasi mimi ni nani wake?"

"Mtegemezi."

"Si mke?"

Ndipo Bonifasia alipoelewa neno lile moja katikati ya ukurasa. "Hapana, mama. Fomu ya kodi ilitaka aandike mke. Angeliandika angepunguziwa kodi. Amekataa mwaka jana, amekataa na mwaka huu. Hakutaka uitwe mke wake hata kwenye karatasi ya serikali."

Alidhani maneno hayo yatampoza. Dafroza aliokota fimbo yake, akayapiga maharage mara nne, mara tano, yakaruka nje ya mkeka.

"Hakutaka kuniita mke bila kuniuliza," alisema. "Lakini kunilipia bila kuniuliza alitaka."

Kesho yake saa mbili asubuhi Dafroza alikuwa langoni mwa shirika. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Mlinzi alimwambia asubiri, hakusubiri. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye maegesho, Frednand alikokuwa akipima oili, akafungua fundo la kitenge na kuziweka kadi tano juu ya boneti, moja moja, kama mtu anayegawa karata.

"Shikamoo, mama Niyonzima," Bonifasia alisema. Alikuwa ametoka ofisini mbio baada ya kumwona dirishani.

Dafroza hakuitikia. Alimtazama Frednand. "Shemeji, hizi ni zako."

Frednand alizitazama kadi, kisha akamtazama Bonifasia. Hakukuwa na hasira katika uso wake, na hilo lilimuumiza Bonifasia kuliko tusi.

"Nilijua siku moja nitaulizwa," alisema. "Niulize, shemeji."

"Kwa nini?"

Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. Halafu alifungua mlango wa gari, akapekua kisanduku cha mbele na kutoa mfuko wa nailoni uliokuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alimpa kwa mikono miwili.

Ilikuwa fomu ya kujiunga na bima. Dafroza aliifungua. Hakuwa msomaji mwepesi, lakini mwandiko ule hakuhitaji kuusoma ili kuufahamu. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa f mbili. Keza alikuwa ameandikwa Kesa. Chini palikuwa na sahihi ya Anastazi na tarehe: 29 Julai 1998.

"Alinipa niipeleke ofisini," Frednand alisema. "Yeye alikuwa anawahi zamu ya Biharamulo. Niliiweka hapo nikasema nitaipeleka mchana. Mchana nikasahau. Kesho yake nikasahau. Wiki tatu, shemeji. Alipokufa ilikuwa bado humo. Ofisi ilitafuta fomu yake haikuiona. Mhasibu aliyekuwepo wakati ule aliandika barua kwamba Anastazi hakujiunga, kwa hiyo familia haina chochote. Akanipa mimi barua hiyo nikuletee, kwa kuwa nilikuwa napita Kibimba."

"Sijaona barua."

"Sikuleta. Nilisimamisha gari kabla ya kona ya kwenu, nikaichana. Kisha nikarudi, nikawaandika kwangu."

Mlinzi alikuwa amesogea kusikiliza. Bonifasia alimfukuza kwa macho.

Dafroza aliikunja fomu kwa mikunjo yake ileile. "Fedha ningeweza kuisamehe leo hii. Lakini miaka miwili unakuja kwangu, watoto wanakuita baba mdogo, unakula ugali wangu, na hii karatasi unayo mita ishirini kutoka mlangoni pangu, ndani ya gari. Mwandiko wake. Mimi sina hata barua moja ya Anastazi, Frednand. Sina hata moja."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Aliitia fomu kifuani, akaondoka. Kadi zilibaki kwenye boneti. Bonifasia ndiye aliyeziokota.

Kwa siku tatu hakuna aliyesema naye vizuri, au labda ni yeye aliyesikia vibaya kila lililosemwa. Alijilaumu. Alikuwa ameuliza, na jibu lilikuwa limewavunja watu wawili waliokuwa wakiishi vizuri bila yeye. Hata hivyo, usiku na mchana kitu kimoja kilizidi kumkereketa. Ile barua iliyochanwa ilisema Anastazi hakujiunga kwa sababu hakuna fomu. Je, kujiunga ni fomu?

Alhamisi alichukua kijitabu cha masharti akakisoma chote, hata maandishi yale madogo ya mwisho ambayo watu huyaruka. Kwenye kifungu cha kumi na moja alikuta kwamba mfanyakazi anahesabiwa kuwa na bima tangu mchango wake wa kwanza upokewe. Fomu ilitakiwa kufuata "kwa wakati ufaao." Kifungu cha kumi na nne kilisema mfanyakazi akifa akiwa kazini, wategemezi wake wataendelea kutibiwa miaka mitatu bila kuchangia.

Swali basi lilikuwa moja: Je, Julai ile Anastazi alikatwa?

Daftari la makato la mwaka 1998 halikuwepo. Mvua ililiharibu, wakalitupa. Hati za mshahara za waliokufa au kuacha kazi zilikuwa zimepelekwa Mwanza. Bonifasia alikaa sakafuni kati ya maboksi hadi magoti yakafa ganzi. Kilichobaki cha mwaka ule kilikuwa boksi moja la karatasi za kodi, nakala za orodha ambazo shirika lilipeleka serikalini kila mwezi, na hizo zilinusurika kwa sababu tu mtu fulani alizipanga juu ya kabati badala ya chini.

Orodha ya kodi haikuwa na safu ya bima. Ilikuwa na jina, mshahara, kiasi kinachotozwa kodi, na kodi. Lakini Bonifasia alikuwa karani wa mishahara. Alimtafuta Anastazi kwenye karatasi ya Juni: mshahara elfu tisini na nane, kinachotozwa kodi elfu tisini na nane. Akafungua ya Julai. Mshahara elfu tisini na nane. Kinachotozwa kodi: elfu themanini na tisa.

Alihesabu kwa kalkuleta ingawa hesabu ile hata mtoto wa darasa la pili angeiweza. Elfu tisa. Kisha akahesabu tena.

Aliingia kwa Shibuda bila kubisha hodi. "Mzee, Anastazi alilipia bima. Alilipia ya familia."

Shibuda alivua miwani. "Nionyeshe."

Alimwonyesha. Mzee aliisoma karatasi ya Julai kutoka juu hadi chini, akaona kwamba wafanyakazi wote mwezi ule walikuwa wamepunguziwa elfu tisa, wenye familia na wasio nayo. "Mwezi wa kwanza waliwakata wote sawasawa," alisema, "kwa kuwa fomu zilikuwa hazijakusanywa. Waseja wakarudishiwa baadaye. Kwa hiyo huyu marehemu alikatwa kabla hajaandika hata jina la mkewe." Aliguna. "Lakini kukatwa si kupokewa. Kama hela haikufika Mwanza, hii ni karatasi tu."

Stakabadhi ya benki ya michango ya Julai iliyotumwa Mwanza waliipata jioni, imepachikwa kwenye faili la umeme. Iliandikwa: wafanyakazi 112. Bonifasia alihesabu majina kwenye orodha ya kodi ya Julai. Yalikuwa mia moja na kumi na mawili, na Anastazi alikuwa wa sabini na tisa.

Shibuda aliandika barua mwenyewe, kwa mkono, kabla ya kumpa Bonifasia aipige taipu. Alikuwa mtu asiyependa maneno, lakini barua ile ilijaa kurasa mbili. Alisema serikali yenyewe ilikwisha kukubali kwamba elfu tisa za marehemu zilikuwa bima, ndiyo maana haikuzitoza kodi. Kampuni nayo ilikwisha kuzipokea. Hivyo ni nani aliyebaki wa kusema hazikuwepo? Aliongeza kuwa miaka miwili iliyolipiwa na mtu mwingine isihesabiwe katika ile mitatu.

Fomu ya Anastazi ilihitajika iambatanishwe. Bonifasia alikwenda tena Kibimba, safari hii akiwa na hofu, akamweleza Dafroza kila kitu. Dafroza alisikiliza, akamtolea fomu. "Watoe kivuli, hii nirudishie. Wakiipoteza sitataka bima yao."

"Na kadi, mama? Majibu yatachelewa. Chukua kadi za Frednand kwa sasa."

"Hapana."

Lakini mwezi wa nane Keza alianza kulia usiku kwa maumivu ya mifupa, na Jumanne moja Dafroza alifika ofisini, akasimama mbele ya meza ya Bonifasia na kunyoosha mkono. "Nipe kadi," alisema. Bonifasia alimpa.

Frednand, kwa upande wake, aliendelea kukatwa elfu tisa na kodi kamili, na hakuomba lolote. Mwezi huohuo wa nane, Keza alipotoka hospitali, Dafroza alimtumia ujumbe mmoja kupitia kwa shangazi wa Bonifasia: aende akamwambie baba yake Anastazi kwa mdomo wake mwenyewe. Alikwenda Jumamosi. Shangazi alikuwepo, akasimulia. Alisema Frednand alifika mikono mitupu, akakataa kigoda, akasimama uani na kueleza habari ya fomu tangu mwanzo, mbele ya mzee na wanawe. Kijana mmoja alinyanyuka kwa hasira, mzee akamkalisha.

"Ungekuja na karatasi hii siku ya msiba," mzee alisema, "tungekulaani siku ileile, na siku ileile tungemaliza. Wewe umejilaani peke yako miaka miwili, na hukutuachia hata nafasi ya kukusamehe. Kaa chini unywe."

Alikaa, akanywa urwagwa, ile pombe ya ndizi, na shangazi alisema alilia huku anakunywa na hakuna aliyemcheka.

Majibu ya Mwanza yalifika Januari. Kampuni ilikubali kwamba marehemu alikuwa na bima. Miaka mitatu haikukubali, lakini ilitoa miwili, kuanzia siku ya barua. Fedha zilizokatwa kwa Frednand zisingerudishwa, kwa kuwa zilikuwa zimelipia watu ambao kweli walitibiwa. Shibuda alikasirika akataka kuandika tena. Frednand alimwomba aache.

Dafroza alikuja kuchukua kadi mpya. Aliisoma ya kwanza taratibu, akapitisha kidole hadi kwenye namba ya mfanyakazi.

"Hii ndiyo namba yake?"

"Ndiyo yake, mama."

"Ngoja nikuulize." Alijivuta kwenye kiti. "Mwezi ule wa mwisho, serikali ilimwachia Anastazi kodi kwa ajili yetu?"

"Ndiyo. Shilingi elfu moja na mia nane."

Dafroza aliwaza. Kisha alianza kucheka, mkono mdomoni, cheko la mtu aliyekuta kitu mfukoni. "Ndiyo maana! Alikuja na nyama. Mwisho wa Julai, si sikukuu wala nini. Nikamuuliza umepata wapi, akasema, 'Leo mama, kodi wamekosea, wamenikata kidogo.' Akala haraka wasije wakaidai."

Walicheka wote wawili, hadi Shibuda akagonga ukuta kutoka chumba cha pili.

Dafroza alipotoka, Frednand alikuwa anaosha boza. Dafroza alisimama hatua chache kutoka kwake, akasubiri afunge maji.

"Tunang'oa maharage Jumamosi na kulima upya palepale," alimwambia. "Mikono haitoshi."

"Nitakuja, shemeji."

"Uje mapema. Na uje na jembe lako, la kwangu limevunjika mpini."

Alifunga fundo la kitenge chake na kushika njia ya Kibimba.